Saa ya Ayoni Moja na Daftari la Makosa Yake

Saa ya ukutani ikichelewa tunaifuatisha na ya redio. Saa ya ayoni (atomi yenye chaji ya umeme) ya alumini, inayopima muda kwa mitetemo ya ayoni hiyo, iliyoko NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, mjini Boulder, Colorado, haikuwa na ya kuifuata, kwa sababu ilipotangazwa Julai 2025 hapakuwa na saa sahihi kuliko hiyo. Usahihi wake hupatikana kwa njia inayokaribia kazi ya mhasibu: huorodheshwa kila kinachoweza kubadili mitetemo ya ayoni, kuanzia joto la kuta na uga wa sumaku hadi molekuli za gesi zinazoigonga, hupimwa kila kimoja kinaongeza au kupunguza kiasi gani, kisha hujumlishwa shaka inayosalia. Shaka hiyo sasa ni 5.5 × 10⁻¹⁹, yaani sehemu 5.5 tu katika bilioni bilioni kumi.

Alumini ilichaguliwa kwa kuwa joto haliisumbui sana, ila haikubali kupozwa wala kusomwa kwa leza kwa urahisi. Kwa hiyo hufungwa pamoja na ayoni ya magnesi. Kwa kuwa mbili hizo husukumana kwa chaji zao, magnesi ikipozwa na mwenzake hupoa, na ndiyo inayotoa habari za alumini.

Maboresho makubwa, kwa maoni yangu, yalikuwa ya kifundi zaidi kuliko ya kinadharia. Elektrodi za mtego wa umeme unaoishikilia ayoni hazikuwa na mizani, ayoni ikawa inatikisika, hivyo kipande cha almasi kinachozibeba kikafanywa kinene zaidi na tabaka la dhahabu likarekebishwa. Chumba cha ombwe (kilichoondolewa hewa) nacho kilikuwa cha chuma cha pua, ambacho huvujisha haidrojeni kidogo kidogo. Ayoni ziliungana nayo, na kila baada ya dakika 30 ilibidi kutiwa nyingine. Kilipoundwa upya kwa titani, haidrojeni ilipungua mara 150, na saa ikaweza kwenda siku kadhaa bila kuongezwa ayoni. Leza tulivu, iliyoletwa kwa nyuzi za kioo umbali wa kilomita 3.6 kutoka JILA, taasisi ya pamoja ya NIST na Chuo Kikuu cha Colorado, ilirefusha muda wa kuichunguza ayoni kutoka milisekunde 150 hadi sekunde nzima, na kipimo kilichohitaji wiki tatu sasa huchukua siku moja na nusu.

Katika daftari hilo la makosa umo pia mwinuko, kwa kuwa nguvu ya uvutano hupungua kadiri saa inavyopanda. Mwaka 2010 NIST iliinua saa moja kwa sentimita 33, ikaonekana kwenda kasi kuliko ya chini, kama Einstein alivyotabiri. Kila sentimita moja ya mwinuko hubadili mwendo wa saa kwa takribani 10⁻¹⁸, zaidi ya shaka yote ya saa hii, kwa hiyo saa zilizo katika majengo tofauti haziwezi kulinganishwa kabla wapima ardhi hawajapita kupima mwinuko wake.