Mafungunyota tufe ya galaksi vibete: machache, na magumu kuhesabu

Fungunyota tufe ni nyota laki moja hadi milioni moja hivi zilizoshikamana kwa mvutano wao zenyewe, zikafanya umbo la mpira. Mengi yana umri unaozidi miaka bilioni 10. Njia Nyeupe, galaksi yetu, inayo zaidi ya 150; M87, galaksi jitu la Kundi la Virgo (kundi kubwa la galaksi), inayo zaidi ya 10,000. Galaksi kibete duaradufu, yaani ndogo yenye umbo la yai, huwa na matano, pengine kumi, na zipo zisizo na hata moja. Hapo ukikosea mawili, umeharibu hesabu nzima.

Chukua kibete kilichomo Virgo, umbali wa miaka nuru milioni 54 hivi. Nusu ya mwanga wa fungu la kawaida hutoka ndani ya nusukipenyo cha miaka nuru 10, ambayo kwa umbali huo ni kama 0.04 ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Darubini iliyoko ardhini, inayosumbuliwa na hewa, huona nukta isiyotofautika na nyota ya Njia Nyeupe iliyosimama mbele. Darubini ya Hubble, iliyo juu ya angahewa, huiona nukta hiyo imevimba kidogo. Uvimbe huo una thamani kubwa, kwa kuwa hulitenga fungu na nyota.

Picha hupigwa kwa machujio mawili au zaidi ili rangi ipimike. Kisha mwanga wa galaksi yenyewe huondolewa kwa kuulinganisha na kielelezo cha duaradufu zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Bila hivyo, mafungu ya karibu na kitovu humezwa. Kielelezo kikiwa kigumu mno, huacha mapete ambayo programu huyahesabu kama vitu. Kikilegezwa mno, hula mwanga wa fungu lenyewe. Nukta zinazobaki huchujwa: mafungu mengi huwa karibu na mwangaza halisi wa -7.4 (katika kipimo hiki namba ikiwa ndogo, mwanga ni mkubwa), yaani huonekana kwa takriban 23.7 kwa umbali wa Virgo, na ya vibete huelekea ubuluu kwa kuwa yana elementi nzito chache.

Hata hivyo wageni hubaki, hasa galaksi za mbali sana. Tuseme umehesabu nukta 14 ndani ya duara, na eneo la jirani lenye ukubwa uleule lina 6. Mafungu ni 8, lakini kosa linalowezekana ni kipeuo cha pili cha 20 (14 na 6 zikijumlishwa), karibu 4.5. Kibete kimoja hakithibitishi mengi, hujumlishwa vingi. Na eneo la kulinganishia lisichukuliwe mbali: kandokando ya M87 mafungu ya jitu lenyewe yametapakaa, nawe utampa mdogo mali ya mkubwa.

Ili kulinganisha galaksi za ukubwa tofauti, idadi hugawanywa kwa mwanga wa galaksi, kipimo kikiwa galaksi ya mwangaza halisi -15. Njia Nyeupe haifiki 1. Fornax, kibete jirani yetu kilicho hafifu kuliko vibete duaradufu vya kawaida, hupita 20 kwa mafungu matano tu yanayojulikana tangu zamani. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba vibete viliunda mafungu mapema, kisha milipuko ya nyota ikafukuza gesi, hivyo nyota za kawaida hazikuongezeka sana.

Fornax ina kitendawili kingine. Fungu zito likipita kati ya nyota na mata ya giza (mata isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) hukokotwa na mvutano wao, likapungukiwa kasi na kuzama kitovuni. Huenda viini vyenye kung'aa vya vibete vingi vilijengwa hivyo. Mafungu ya Fornax yalipaswa kuwa yameshazama, lakini bado yanazunguka. Huenda mata ya giza imetandaa sawia katikati badala ya kurundikana, na mkokoto huo ukadhoofika.

Mafungu mengine huporwa na galaksi kubwa. M32, kibete jirani ya galaksi kubwa ya Andromeda, inakaribiana kwa mwanga na NGC 205, kibete kingine cha hapohapo, ila haina fungu linalojulikana ilhali mwenzake anayo kadhaa. Kwetu uporaji unaendelea: fungunyota tufe M54, iliyoorodheshwa na mwanafalaki Charles Messier mwaka 1778, ilihesabiwa kuwa ya Njia Nyeupe hadi 1994, kibete cha Sagittarius kilipogunduliwa na M54 ikaonekana iko kitovuni mwake. Mafungu Arp 2, Terzan 7 na Terzan 8 ni ya kibete hichohicho.