Ukilalamikia habari za Gaza, tuonyeshe neno

Tangu Oktoba 2023 dawati letu la malalamiko dhidi ya vyombo vya habari limepokea barua nyingi kuhusu Israel na Gaza, na huongezeka kila mapigano yanapochacha. Wanaotuandikia wengi wana nia njema, na wameumizwa na walichokisoma au kukiona. Hata hivyo, barua nyingi hatuwezi kuzifanyia kazi. "Redio yenu inawapendelea Waisraeli." "Gazeti hili ni la Hamas." Redio si yetu, hatumiliki redio yoyote. Na tuhuma ya jumla namna hiyo haimpi mhariri kitu cha kujibu. Taasisi yetu haina msimamo juu ya vita yenyewe, na makala haya yasisomwe kama tamko la kisiasa.

Tunachohitaji ni neno. Kiswahili kimetupa "wafa" na "wauawa", na maneno haya mawili hayafanani hata kidogo: la kwanza halina mtendaji, la pili linamdai. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, alipigwa risasi ya kichwa Jenin, mji wa Ukingo wa Magharibi, tarehe 11 Mei 2022. Mwanzoni maofisa wa Israel walisema huenda risasi ilitoka kwa Wapalestina wenye silaha. Septemba mwaka huohuo jeshi lao likakiri kuwa upo uwezekano mkubwa kwamba alipigwa na askari wa Israel kwa bahati mbaya. Siku ile ya kwanza mhariri alikuwa na haki ya kutomtaja aliyefyatua. Hakuwa na sababu yoyote ya kuandika "afariki", kana kwamba marehemu aliugua. Lalamiko la aina hiyo tunalipokea kwa mikono miwili.

Angalia pia "mateka" na "mfungwa". Mpalestina anayeshikiliwa na Israel bila kufunguliwa mashtaka akiitwa mfungwa, msomaji ataamini amehukumiwa. Watu 251 waliochukuliwa kutoka Israel katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 wakiitwa wafungwa wa Hamas, kosa ni lilelile. Chukua matoleo mawili ya chombo hichohicho, yaweke pamoja, utuonyeshe upande mmoja unaitwaje na wa pili unaitwaje. Huo ndio ushahidi. Kuhesabu mistari ili kila upande upate nusu si mizania, na nimechoka kulieleza hili kwa simu.

Makosa yamefanyika pande zote. Oktoba 10, 2023 ilitangazwa habari ya watoto wachanga kukatwa vichwa huko Kfar Aza, kijiji cha Israel kilichoshambuliwa siku ile. Ikarudiwa na vituo vikubwa bila uthibitisho, hata mtangazaji wa CNN akaomba radhi. Wiki moja baadaye, hospitali ya Al-Ahli mjini Gaza ilipolipuka, vyombo vingi viliandika mara moja kwamba Israel imeipiga, vikitegemea kauli ya upande wa Hamas. Israel ikakanusha na kuilaumu roketi ya Islamic Jihad, kundi lingine la Wapalestina wenye silaha. Oktoba 23 New York Times ilichapisha maelezo ya wahariri, ikikubali kwamba iliegemea mno kauli hiyo. Mlalamikaji makini huzitaja habari zote mbili. Wengi hutuletea ile inayowakera wao tu.

Idadi kubadilika si ushahidi wa uongo. Israel yenyewe ilianza na watu 1,400 waliouawa Oktoba 7, ikashusha hadi 1,200 hivi. Hesabu za Wizara ya Afya ya Gaza hazitenganishi raia na wapiganaji, na mhariri anapaswa kulisema hilo. Israel imewazuia waandishi wa nje kuingia Gaza kwa uhuru, kwa hiyo vyumba vyetu vya habari hutafsiri taarifa za mashirika ya nje. Kutafsiri hakumwondolei mhariri wajibu. Neno la Kiswahili kalichagua yeye.

Suala linalotugusa zaidi ni video. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio lile la Oktoba 7, na mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025. Video ya kuuawa kwake ilizagaa mitandaoni, na Watanzania wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp huku wakiandika "poleni wafiwa". Hapana. Mzazi hapewi pole kwa kuonyeshwa mwanawe akifa.

Sheria ieleweke. Chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma, akitiwa hatiani hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 nazo, kwa anayezikiuka, zina faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kipande cha mchezo wa kompyuta wa Arma 3 kilichosambazwa kama vita vya Gaza ni taarifa ya uongo. "Nilitumiwa tu" ni utetezi utakaoupeleka mahakamani. Sisi hatuwezi kukusaidia nao.

Utaratibu ni huu. Mwandikie mhariri kwanza na utunze nakala. Akikaa kimya au usiporidhika, tuletee nakala hiyo, jina la chombo, tarehe, ukurasa au saa ya matangazo, na sentensi unayoilalamikia kama ilivyo. Bila sentensi hatufungui jalada. Wanaotaka tuiadhibu Idhaa ya Kiswahili ya BBC wajue hatuna mamlaka hayo. Andika BBC ndani ya siku 30 za kazi tangu matangazo. Usiporidhika, kipo kitengo chao cha juu cha malalamiko. Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, haisimamii maudhui ya Idhaa ya Dunia ya BBC, ambayo ile ya Kiswahili ni sehemu yake, kwa hiyo usipoteze muda kuiandikia.

Kwa malalamiko ya video, usituambatanishie video yenyewe. Andika kiungo, dakika na sekunde. Kuifungua ni kazi yetu.