Rampu ni ya mtazamaji, mchezaji atapitia wapi?

Kazi yangu ni kukagua majengo kuona kama watu wenye ulemavu wanaweza kuyatumia, na hapa Nairobi siku hizi naitwa sana kwa viwanja vya michezo na jim. Kuna kitu nakutana nacho karibu kila mahali. Waliojenga walimfikiria mtu wa kiti cha magurudumu kama mtazamaji. Wakamwekea rampu kwa geti, pakingi na kona ya kutazamia mechi, basi. Kwamba amebeba begi ya mazoezi na yeye mwenyewe amekuja kucheza, hilo halikumjia mtu.

Chukua mlango. Wengi huacha sentimita 80 na kweli kiti cha kawaida kinapita, lakini kiti cha kuchezea basketboli magurudumu yake yameinama, juu yamekaribiana chini yametanuka ndio kisipinduke mtu akikata kona kwa kasi, sasa kinakwama pale mlangoni na timu inabaki kwa korido huku ukumbi walioulipia uko wazi mbele yao. Na ndani hakuna kitu cha kubadilisha! Uwanja ni ule ule wa mita 28 kwa 15, ringi ni ile ile ya mita 3.05. Mimi huwaambia waweke milango miwili inayofunguka pamoja.

Lakini penye huwa nakaa sana na tepu yangu ni chumba cha kubadilishia nguo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi huvaa suruali akiwa amelala, kwa hivyo anataka benchi pana, ndefu ya kumtosha, na kimo chake kilingane na kiti chake, kama sentimita 45 hadi 48, ndio ajisogeze kando bila kubebwa. Kile kibenchi chembamba cha mbao tunachopenda kuweka kitamwangusha. Alafu wengi wao hawana hisia miguuni, kwa hivyo simiti ya kukwaruza pale ukingoni mwa bwawa itamchuna ngozi na asijue, ama akalie chuma kilichoshinda juani aungue hivyo hivyo, na kidonda cha aina hiyo kinaweza kumlaza miezi. Aliyeumia shingoni naye hatoi jasho vizuri chini ya pale alipoumia, mwili unapata moto haraka sana. Kivuli na maji ya kujinyunyizia kando ya uwanja kwake si starehe, ni usalama.

Choo sitasema mengi. Kibao kiko mlangoni, ukifungua unakuta mopu, ndoo na viti vya plastiki, na ukiuliza unaambiwa hakuna mtu huja kukitumia. Watakujaje na kimejaa mopu?

Wasioona nao tunawasahau juu hawahitaji rampu. Goalball, mchezo wa mpira wa wasioona, inachezwa kwa kusikia kengele zilizo ndani ya mpira, na mistari ya uwanja ina kamba chini ya tepu ndio mchezaji aipapase kwa mkono ajue amesimama wapi. Ukiwapa ukumbi uliopakana na darasa la aerobiki lenye spika mbili kubwa, hujawapa kitu, kubadilisha ratiba tu kungetosha. Samwel Mushai Kimani ametuletea dhahabu ya mita 1500 kwa wasioona London 2012 na tena Rio 2016, na mbio zile mtu anakimbia na mwelekezi wake wameunganishwa kwa kamba. Lakini kuna mahali hapa mjini mwelekezi akifika getini anaitishwa tiketi yake! Hiyo haihitaji kontrakta, meneja aongee na askari wa geti leo leo.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa, kwa hivyo usiogope kuuliza. Ila ukipiga simu usiulize kama wako sawa kwa walemavu, manake watasema ndio. Uliza mlango wa ukumbi ni sentimita ngapi. Uliza ufunguo wa kile choo anao nani na kama huyo mtu huwa kazini Jumapili. Kama ni bwawa, uliza mtu asiyetembea anaingiaje majini, na wakikuambia vijana watambeba, waulize kama wana winchi ya kumshusha, na mara ya mwisho iliwashwa lini.