Cockney si kila Mwingereza

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, mpira wa Uingereza uko hewani, mechi ikaisha na kocha akaanza kuhojiwa. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu akasema kwa uhakika, "Msikieni huyo, Cockney kabisa!" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kocha mwenyewe kazaliwa na kukulia Liverpool. Ni sawa na kumsikia mtu wa Lamu akizungumza kisha ukasema hicho ni Kimakunduchi. Nimelisikia kosa hili redioni, nimelisoma kwenye manukuu ya filamu, na safari hii nimeona heri niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Cockney ni mtu wa London mwenye asili ya familia za wafanyakazi, hasa wa mashariki ya mji, na jina hilohilo hutumika kwa usemi wake. Usemi huo unadondosha h mwanzoni mwa neno, unakata t katikati kwa kuikaba kooni, na th ya Kiingereza inageuka f au v. Lafudhi ya wasomi na ya wasoma habari wa zamani wa BBC ni kitu kingine, na ya Liverpool ni nyingine tena.

Ila neno hili halikuanza kama jina la maskini, wala la mtu mjanja wa mtaani. Lilianza kama tusi la mtoto aliyedekezwa.

Katika Kiingereza cha karne ya 14 liliandikwa cokeney, na kwa asili maana yake ni "yai la jogoo". Kuku akitaga kijiyai kidogo kilichopinda, watu walisema hilo kalitaga jogoo. William Langland, katika shairi lake la karne hiyo, ana mkulima anayelalamika kwamba nyumbani hana nyama ya chumvi wala cokeney ya kupika. Hapo ni yai tu. Baadaye katika karne hiyohiyo, kwa mshairi Geoffrey Chaucer, neno limeshahamia kwa mtu: mwanafunzi mmoja kutoka kaskazini anahofia kwamba kisa chake kikisimuliwa ataonekana mpumbavu na cokenay, yaani legelege, mtoto wa mama. Ukitaka Kiswahili cha leo, mtoto wa geti kali.

Angalia nani analitamka: mtu wa kaskazini, wa mbali na London. Tusi hili lilikuwa la watu wa shamba kwa watu wa mjini, waliowaona wamelelewa kwa mayai na maziwa, hawajui jembe wala baridi. Mnamo 1520 mwalimu mmoja wa sarufi, Robert Whittinton, bado analitumia kwa watoto wanaodekezwa katika miji mikubwa, na anaitaja London, York na hata Perugia ya Italia. Kwa hiyo wakati huo kulikuwa na cokney wa York! Ni baada ya hapo ndipo London ikabaki peke yake na jina hilo, na kufikia mwaka 1600 mwandishi Samuel Rowlands anaandika juu ya "Cockney wa kengele ya Bow".

Mwaka 1617 kamusi ya John Minsheu ikaleta hadithi ambayo hadi leo watu wanaisimulia kama asili ya neno. Mtoto wa London anapelekwa shamba na baba yake. Farasi analia, anauliza ni sauti gani, anaambiwa ni mlio wa farasi, na anapewa neno lake, neigh. Jogoo akiwika, mtoto anauliza kama cock naye ana neigh. Eti ndipo likatoka cock-neigh. Hadithi tamu, lakini neno lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200 kabla ya mtoto huyo kupelekwa shamba. Kilichomo kweli ni ile dharau ya zamani: mtoto wa mjini asiyejua jogoo hufanya nini.

Sasa hiyo kengele. Husemwa kwamba Cockney halisi ni aliyezaliwa mahali inaposikika sauti ya kengele za Bow. Wengi wakisikia hivyo hufungua ramani, wakaona mtaa uitwao Bow huko mashariki, wenye kanisa lake la zamani, wakaridhika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu siyo kanisa lenyewe. Kengele zinazosemwa ni za kanisa la St Mary-le-Bow, barabara ya Cheapside, katikati kabisa ya mji mkongwe wa London (City), kilomita kadhaa kutoka mtaa wa Bow. Kanisa liliitwa hivyo kwa ajili ya matao ya mawe yaliyo chini yake, yaliyojengwa enzi za Wanormani. Mtaa wa Bow ulipata jina kutokana na daraja la tao juu ya mto Lea. Matao mawili tofauti yakazaa majina mawili yanayofanana.

Na kengele hiyo ilikuwa na kazi. Mwaka 1469 baraza la mji liliagiza ipigwe kila usiku saa tatu, na muda mfupi baadaye mfanyabiashara wa vitambaa, John Dun, aliacha katika wasia wake nyumba za kugharamia upigaji huo. Vijana wanagenzi wa Cheapside, waliokuwa wakijifunza kazi kwa mabwana zao, waliingoja sana, maana ndiyo iliyokuwa ishara ya kufunga kazi. Walipoona inacheleweshwa wakatunga beti na kuzitundika: wakamwambia karani wa kengele, yule mwenye nywele za manjano, kwamba kwa kuchelewa kwake kichwa chake kitaonja makonde. Naye akawajibu kwa beti: tulieni watoto wa Cheap, kengele mtapigiwa muda mnaoutaka. Mwanahistoria John Stow ameyahifadhi haya katika maelezo yake ya London yaliyotoka 1598. Mimi nikiisikia kauli ya "sauti ya kengele za Bow" nawaona vijana hao dukani, mikono imechoka, masikio yako mnarani.

Basi Cockney wa kwanza wa London walikuwa wa mji mkongwe, siyo wa mashariki. Ilikuwaje jina likahama? Watu ndio waliohama. Mwaka 1801 mji mkongwe ulikuwa na wakazi zaidi ya 120,000. Mwaka 1901 hawakufika 30,000. Benki, maghala na reli vilichukua nafasi ya nyumba. Maskini wakajazana Whitechapel, Stepney, Bethnal Green na kandokando ya bandari, wakaenda na usemi wao, na jina likawafuata. Ndipo tusi likageuka. Lililokuwa la mtoto wa mayai likawa la mchuuzi wa mkokoteni na mbeba mizigo wa gatini, na mwishowe wenyewe wakalichukua kwa fahari.

Kama ile kanuni ya kengele ingekuwa sheria, ingetuleta mahali pa ajabu. Mwezi Juni 1940 kengele za makanisa Uingereza zilinyamazishwa, ziwe za kutangaza uvamizi tu. Mei 10, 1941 mabomu yakaliteketeza St Mary-le-Bow na kengele zikaanguka kutoka mnarani. Mpya zilianza kulia mwaka 1961. Katika miaka hiyo ya katikati sauti ya Bow iliyobaki ni ile iliyorekodiwa mwaka 1926, ambayo BBC iliirusha kati ya matangazo yake ya ng'ambo wakati wa vita. Je, kwa zaidi ya miaka 20 hakuzaliwa Cockney hata mmoja? Mama wa Bethnal Green aliyejifungua mwaka 1950 angekucheka.

Baada ya vita familia nyingi zilihamishiwa miji mipya ya Essex, kama Basildon na Harlow, kwa hiyo leo unaweza kuusikia usemi huu huko kuliko Whitechapel, ambako majirani wengi ni wenye asili ya Bangladesh, na vijana wa mitaa hiyo wana Kiingereza chao kipya, chenye Kijamaika na mengineyo ndani yake. Nao ni watu wa London. Si lazima wawe Cockney.

Kwa hiyo, dogo wa kwa kinyozi, yule kocha mwite Scouser, ndivyo watu wa Liverpool wanavyojiita. Na ukimsikia mchezaji wa London ambaye hujui katokea mtaa gani, sema tu ni mtu wa London, mpaka mwenyewe aseme vingine.