MH370: yanayosemwa vibarazani na yanayojulikana

Ikitajwa MH370, ndege ya abiria ya Malaysia Airlines iliyotoweka, kwenye vibaraza vya Mombasa, husemwa kwanza kwamba ilipotea bila kuacha hata kipande. Si kweli, na ushahidi ulifika karibu na kwetu. Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa Pemba, kisiwa cha jirani zetu wa kusini. Namba za kiwandani na tarehe iliyogongwa juu yake zilifuatiliwa, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia wakathibitisha: ni kipande cha flapu (bamba la nyuma ya bawa linaloshushwa wakati wa kutua) ya nje ya bawa la kulia la Boeing 777 iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014, ikiwa na watu 239, safarini kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Kipande kingine kilishapatikana Réunion, kisiwa cha mashariki mwa Madagaska, Julai 2015. Mkondo wa Ikweta wa Kusini hupeleka maji magharibi hadi Madagaska, kisha tawi lake hupanda kaskazini kwenye pwani yetu.

Flapu hiyo inajibu na dai la pili, kwamba rubani aliishusha ndege taratibu majini. Anayetaka kutua majini hushusha flapu ili apunguze mwendo. Michubuko ya kipande cha Pemba ilionyesha kuwa huenda flapu ilikuwa imekunjwa, haijashushwa.

“Setilaiti iliiona, wanaficha tu.” Haikuiona. Ilipokea majibu mafupi ya mtambo wa mawasiliano wa ndege, la mwisho saa 2:19 asubuhi, saa za Malaysia. Muda wa jibu kufika hutoa umbali kutoka kwenye setilaiti, na umbali peke yake huchora duara, hauonyeshi nukta. Mabadiliko ya masafa ya mawimbi ya redio (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yakaonyesha ndege ilielekea kusini. Ndiyo maana kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya Bahari ya Hindi ya kusini zilipekuliwa hadi Januari 2017, na ndege isipatikane.

Wengine husema rada huona ndege popote ilipo, lakini haifiki kote. Ile ya nchi kavu huona ndege iliyo juu kwa kilomita 400 hivi. Mbele ya hapo mviringo wa dunia unaiziba.

Kuna wanaoamini kisanduku cheusi, yaani kinasa taarifa za safari ya ndege, huita hadi kipatikane. Kwanza, rangi yake ni ya chungwa. Kifaa chake cha mlio wakati ule kiliundwa kudumu siku 30, na mlio husikika kilomita chache tu, ilhali baadhi ya maeneo yale yana kina cha zaidi ya kilomita 4. Vifaa vipya hudumu siku 90.

Na simu za abiria “zilizoita” baada ya ndege kupotea? Mlio anaousikia mpigaji hutoka kwenye mtandao, si kwenye simu anayoipigia.

Ukikuta ufukweni Nyali au Likoni kipande chepesi kama ubao, chenye tando ngumu pande mbili na kiini cha vyumba kama masega ya nyuki, ribiti (pini za kuungia mabati) au namba, huenda ni cha ndege; usikioshe. Usikwangue viumbe wa magamba walioganda: umri wao na kemia ya magamba hueleza kilielea muda gani na katika maji ya joto gani. Vaa glavu, nyuzi za kaboni huchoma. Piga picha pamoja na rula, andika mahali, saa, na kama ni bamvua (maji makuu) au maji mafu (maji madogo). Kivute juu ya mstari wa maji kujaa, kivulini, kisha uwaarifu polisi au kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichoko hapa Mombasa.