Kansa ya mapafu: pumzi kukata na kichwa kutokaa sawa, maswali ya wanaouguza

Maswali haya ni ya watu wanaouguza wazazi wao nyumbani. Nimeyaweka pamoja kwasababu pumzi na akili kwa mgonjwa wa kansa ya mapafu vinagusana kuliko tunavyodhani, alafu vyote viwili watu wanavivumilia kimya kimya wakiona ndo ugonjwa wenyewe hamna la kufanya, na hilo ndo linaloniuma.

Swali: Shikamoo dada nesi. Baba ana kansa ya pafu la kulia, siku hizi akitoka chooni tu kurudi kitandani anahema, hawezi hata kunijibu. Si ndo kawaida ya huu ugonjwa?

Marahaba mdogo wangu, pole na kuuguza. Inawapata wengi kweli, ila msiishie hapo kwenye "kawaida", muulizeni daktari kinachomkata pumzi ni nini, maana sababu ni nyingi na kila moja ina njia yake. Uvimbe unaweza kuwa umebana njia ya hewa. Au maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, huyu mara nyingi akilala chali anazidiwa, anataka kukaa au kulalia upande mmoja tu, wakimpiga eksirei au ultrasaundi yanaonekana, wanachoma sindano kati ya mbavu wanayatoa, kwa kawaida hawavuki lita moja na nusu kwa mpigo mmoja, na mtu alieletwa amebebwa anaweza akaondoka siku hiyo hiyo anaongea sentensi nzima bila kukatika. Yanaweza kurudi, ndio, lakini yakirudi kuna namna ya kuyazuia au kumwekea mpira wa kuyatoa kidogo kidogo.

Kuna na upungufu wa damu, nimonia, damu iliyoganda mguuni ikasafiri mpaka mapafuni. Na kama alichomwa mionzi ya kifua, pafu linaweza kuvimba kuanzia mwezi mmoja mpaka sita baada ya kumaliza, anakohoa kikohozi kikavu, homa kidogo, nyumbani mnasema mafua. Tarehe za mionzi zitajeni kila mnapoenda hospitali hata kama hamjaulizwa.

Swali: Tumemnunulia mama mtungi wa oksijeni kwa hela nyingi sana lakini bado anasema hewa haitoshi.

Oksijeni inamsaidia yule ambae oksijeni kwenye damu imeshuka. Mpimeni na kile kimashine cha kubana kidole, akisoma 95 kwenda juu na bado anahema basi mtungi hautamwongezea kitu kikubwa. Kabla ya kuamini namba angalieni kidole chenyewe, rangi ya kucha, piko na hina vinaweza kuidanganya mashine, hata vidole vya baridi pia, kwahiyo jaribuni kidole kisafi kilichopata joto.

Kinachosaidia na watu wanakidharau ni feni. Upepo ukimpiga usoni, hapa kwenye pua na mashavu, ile hisia ya kukosa hewa inapungua, na imefanyiwa utafiti, ndo maana wataalam wanashauri hata feni ndogo ya kushika mkononi. Fungueni madirisha. Akae ameinama mbele kidogo, mikono ameegemeza mezani au kwenye mito, avute hewa kwa pua alafu aitoe polepole kwa mdomo kama anapuliza chai ya moto. Kuoga akae kwenye kiti. Na jamani, mtungi ukiwa umefunguliwa hapo ndani pasiwe na jiko la mkaa, mshumaa, sigara wala chetezo cha udi, oksijeni inakuza moto vibaya sana.

Swali: Ameandikiwa morfini ya maji, shangazi anasema tukimpa tunammaliza.

Hapana. Dozi ndogo ya morfini inatumika pia kutuliza kuhema, sio maumivu peke yake, na ikitolewa kama ilivyoandikwa haiui mtu. Uganda wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuiandika tangu 2004. Itamfunga choo, kwahiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo anaweza kusinzia sinzia.

Swali: Mzee wangu anasahau sana. Anauliza kama amekunywa dawa na kikombe bado anacho mkononi. Juzi usiku akaniita jina la marehemu kaka yake. Ni kemo?

Hapo umenitajia vitu viwili tofauti. Kusahau sahau kunakokuja taratibu, kutafuta neno, kushindwa kufuatilia taarifa ya habari mpaka mwisho, hiyo kemo (dawa kali za kuua kansa) inaweza kuileta, na mionzi ya kichwa, uchovu, kukosa usingizi, sonona. Inasumbua ila sio dharura. Kalenda kubwa ukutani na kiboksi cha dawa chenye siku za wiki vinamsaidia, na msimcheke.

Lakini kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya masaa au siku chache, leo mzima kesho haelewi yuko wapi, usiku anaweweseka, huyo apelekwe hospitali leo, sio siku ya kliniki. Kansa hii inapenda kusambaa kwenye ubongo. Pia inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu (utamwona ana kiu, anakojoa sana, choo kigumu, anasinzia) au kushusha sodiamu, hasa ile aina ya seli ndogo, na vyote vinaonekana kwa kipimo cha damu na vinatibika. Ndo maana nachukia nikisikia "uzee tu huo" au kwamba mzee karogwa, wakati shida inaweza kuwa chumvi za mwili.

Swali: Pumzi yenyewe inaweza kuvuruga akili?

Ndio. Oksijeni ikishuka mtu anakuwa hatulii, anajibu ovyo. Na kwa wenye mapafu yaliyochoka siku nyingi, wavutaji wa zamani hasa, hewa chafu inashindwa kutoka, anaamka na kichwa kinauma, anasinzia mchana kutwa, na mkimwongezea oksijeni kiholela mnaweza kumzidishia. Msiguse kile kitufe cha mtungi cha kuongeza oksijeni bila maelekezo.

Swali: Tukimbie hospitali lini?

Kuhema kulikoanza ghafla, midomo kuwa ya bluu, kukohoa damu, uso na shingo kuvimba, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, au huko kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mkifika msiseme tu "hali mbaya", semeni ilianza lini na jana alikuwa anaweza kufanya nini ambacho leo hawezi, na dawa zote mbebe kwenye mfuko, hata za mitishamba.