Maumivu ya Shingo: Lini Ufikirie Upasuaji?

Fundi cherehani mmoja kutoka Kariobangi alifika kliniki yetu akiwa amebadilisha miwani mara mbili katika mwaka mmoja. Uzi ulikuwa hauingii tena kwenye tundu la sindano, naye akaamini macho yamechoka. Macho yalikuwa mazima. Vidole ndivyo vilivyopoteza wepesi, kwa sababu pingili za shingo zilikuwa zinabana ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Shingo yenyewe ilimuuma kidogo tu. Tulimpangia upasuaji bila kukawia.

Wiki hiyo hiyo nilimwona dereva wa matatu aliyekuwa hawezi hata kugeuza kichwa atazame kioo cha pembeni. Aliniomba nimpasue, maumivu yaishe. Mikono yake ilikuwa na nguvu kamili, na miguu vilevile. Alirudi nyumbani na dawa za maumivu na barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tibamaungo.

Jamaa za wagonjwa hushangaa ninapowaeleza hili, maana sote tumezoea kupima ugonjwa kwa uchungu wake. Kwenye shingo kipimo hicho hudanganya. Maumivu mengi ya shingo hutoka kwenye misuli na viungo vidogo vya pingili: umelala vibaya, umeinamia simu kutwa, umebeba mzigo mzito. Hupungua ndani ya wiki chache. Kama hakuna neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa, upasuaji kwa kawaida hausaidii, na huniuma sana kuona familia imefanya harambee kwa ajili ya kisu ambacho mgonjwa hakukihitaji.

Kuna maumivu yanayoteremka begani hadi vidoleni kama shoti ya umeme, pamoja na ganzi. Mara nyingi hapo diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, imechomoza ikabana neva inayokwenda mkononi. Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu bila kupasuliwa kati ya wiki 6 na 12. Tunaanza kuzungumzia upasuaji ikiwa wiki 6 za matibabu sahihi zimepita na mtu bado halali wala hafanyi kazi, na picha ya MRI inaonyesha neva ile ile inayolingana na dalili zake. Mkono ukizidi kulegea siku baada ya siku, hatungojei wiki hizo.

Lakini usitishwe na ripoti ya MRI peke yake. Baada ya miaka 60 wengi wetu tuna diski zilizochakaa, hata wale ambao shingo haijawahi kuwauma.

Kinachonitia hofu ni dalili za ugwe mgongo, kwa sababu huja kimyakimya. Vifungo vya shati vinakushinda. Unakosea tarakimu ukituma pesa kwa simu. Mwandiko umeharibika. Miguu ni mizito au unahisi kama unatembea juu ya godoro, na gizani unayumba. Mkojo unakubana ghafla. Jaribu kukunja na kukunjua ngumi kwa kasi kwa sekunde 10: mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Ukishindwa, hiyo haithibitishi ugonjwa, ila ni sababu ya kuonana na daktari wiki hii. Ugwe uliobanwa kwa muda mrefu huenda usipone kikamilifu. Lengo kuu la upasuaji ni kuzuia hali isizidi kuharibika. Wengi hurudishiwa sehemu ya uwezo, si lazima wote.

Mtu mwenye dalili hizi asikubali kabisa kinyozi amzungushe shingo hadi ilie. Najua wengi hapa Nairobi huipenda huduma hiyo baada ya kunyolewa. Shingo iliyobana ugwe ikizungushwa hivyo inaweza kumwacha mtu amepooza.

Ukianguka na bodaboda shingo ikauma, usikubali kuinuliwa kwa kuvutwa. Shingo itulizwe, upelekwe hospitali mara moja. Nenda upesi pia ikiwa maumivu yameambatana na homa, kutokwa jasho usiku, kukonda, au uliwahi kuugua saratani. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na mara nyingi dawa zake, ambazo hutolewa bure katika hospitali za serikali, hutosha bila kisu.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hupitia mbele ya shingo: diski huondolewa na pingili mbili kuunganishwa. Sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa muda. Anayevuta sigara aache kabla, kwani mifupa yake huchelewa kuungana.

Ukija kliniki, beba karatasi uliyoiandika mwaka jana tulinganishe mwandiko. Njoo pia na mtu mnayeishi naye. Mara nyingi yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba unashika ukuta ukienda msalani usiku.